Je, Askari wa Roma Walipigana Wakiwa Wamejifunika Ngao?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika filamu nyingi askari wa Roma ya kale huonyeshwa wamejifunika ngao mbele, ubavuni na juu, wakimwendea adui hivyo hivyo mpaka wamshinde. Je, ndivyo walivyopigana siku zote?

JIBU: La. Mpango huo, ambao Warumi waliuita kobe, ulikuwepo kweli, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuwakinga askari waliokaribia ukuta wa mji uliozingirwa, huku mishale na mawe yakiwamiminikia kutoka juu. Aliyebanana na wenzake na kuinua ngao juu ya kichwa hakuwa na nafasi ya kutumia upanga. Katika mapambano ya kawaida uwanjani, askari alirusha kwanza mkuki wake mzito, ambao mara nyingi ulinasa katika ngao ya adui na kumlazimu aitupe. Kisha akachomoa upanga mfupi na kuchoma kutoka nyuma ya ngao yake, ambayo pia aliitumia kumsukuma adui. Ngao yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba zilizogandishwa kwa tabaka na kupindwa. Moja iliyopatikana Dura-Europos, nchini Syria, ina urefu wa zaidi kidogo ya mita 1.

Udhaifu wa kubanana ulidhihirika mwaka 53 KK karibu na mji wa Carrhae, ambako jeshi la Crassus, jemadari wa Roma, lilikabiliana na Waparthi, watu wa milki iliyotawala Iran ya kale. Warumi walipokaza safu ili kuzuia mishale, wapanda farasi wenye mikuki mirefu waliwavamia; walipotawanyika ili kuwakwepa hao, mishale iliwapata. Walitumaini kwamba mishale ingekwisha, kumbe Waparthi walikuwa na ngamia waliobeba mingine. Kwa maoni yetu, hapo tatizo halikuwa ngao bali upungufu wa wapanda farasi wa kuwafukuza wapiga mishale.

Hata hivyo, kobe aliwahi kufaa uwanjani pia. Mwaka 36 KK, Marcus Antonius, jemadari mwingine wa Roma, alipokuwa akirudi nyuma kutoka Media, eneo la Iran ya leo, askari wake wa safu ya kwanza walipiga goti na kuweka ngao mbele, na wa safu zilizofuata wakaziinua juu yao mithili ya paa. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia kwamba Waparthi walidhani Warumi wamechoka, wakaacha pinde na kusogea na mikuki. Ndipo Warumi waliponyanyuka ghafla, wakawaua waliotangulia na kuwakimbiza waliosalia.