Sarafu ya ndizi na msalaba

*Marehemu baba ameniachia kopo la sarafu. Moja ina ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili, imekuwa nyeusi. Niisugue kwa limau na majivu? (Mama, Katuba)*

Mama, pole kwa msiba, na tafadhali weka chini hilo limau. Ulicho nacho mkononi ni sarafu ya Katanga ya 1961. Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza jimbo hili kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, na mji mkuu ulikuwa hapa hapa kwetu Lubumbashi, enzi hizo ukiitwa Élisabethville. Januari 1963 mambo yakaisha. Kwa hiyo sarafu hizo zilitumika kitambo kidogo tu, franga 1 na franga 5.

Msalaba huo si wa kanisani. Karne nyingi kabla ya Wabelgiji, wafua shaba wa nchi hii walimimina shaba ya moto kwenye kalibu, ikatoka misalaba, nayo ikatumika kama fedha na mahari. Wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta makaburini kule Sanga, bonde la Upemba. Kwangu hakuna mchoro mzuri zaidi kwenye sarafu za Kongo: fedha mpya iliyobeba picha ya fedha ya mababu.

Ule weusi ndio ngozi ya sarafu. Limau huila, na mnunuzi anayejua akiona inameta atashusha bei papo hapo. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo, uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini. Ishike ukingoni, kisha uiweke peke yake kwenye bahasha ya karatasi.

*Nina sarafu yenye picha ya tembo, umbo lake la pembe sita, 1943. Ilitoka wapi? (Kijana, Kamalondo)*

Philadelphia, Marekani. Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani tangu 1940, kwa hiyo koloni lake la Kongo lilipigiwa sarafu ng'ambo. Ni franga 2. Angalia maandishi yake: Kifaransa na Kiholanzi pamoja. Miaka ya 1920 kila lugha ilikuwa na franga yake, ndiyo maana wengine hudhani wamepata aina mbili za nchi mbili.

*Mtu ananiuzia franga 5 za Kongo za mfalme Léopold II wa Ubelgiji, za madini ya fedha, 1887. Nitajuaje kama ni za kweli? (Baba, Likasi)*

Baba, nenda na sumaku na mizani ya sonara. Fedha haishikwi na sumaku, na ya kweli ina gramu 25. Ikipungua gramu kadhaa, mrudishie. Hata ikifaulu, bado mwonyeshe mtu mwenye uzoefu, kwa sababu bandia za sarafu hii ni nyingi. Anayeanza, mimi humshauri atafute santimu za shaba za enzi hiyo, zenye tundu katikati na nyota. Ni nzuri, na hazimfilisi mtu.

*Mbona sarafu za rangi zenye wanyama, zilizoandikwa jina la nchi yetu, sijaziona sokoni? (Dada, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)*

Hupigwa nje kwa ajili ya wakusanyaji tu, dada. Mama muuza fufu hataipokea.