Just A Band ni kina nani?

SWALI: Mhariri mambo, hawa Just A Band wa Nairobi ni kina nani hasa? Mi nawajua kwa Makmende tu, yule jamaa wa afro na kitambaa kichwani. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Poa ndugu yangu, ile video yao ya 2010 ya wimbo 'Ha-He', ambayo Makmende ndiye shujaa wake, imewameza kabisa, watu wanamkumbuka Makmende wanasahau waliomtengeneza! Ni bendi ya machali walioanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta: Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu, wakawa wanapika biti za elektroniki wenyewe, video wenyewe, hawangoji lebo. Albamu ya kwanza ilitoka 2008. Baadaye Chuchu akatoka, Mbithi akaongoza filamu ya Kati Kati, na Blinky sasa anaimba solo, na mimi bado nangoja warudi pamoja.