Wadogo zangu mnaokuja rotesheni (zamu ya mafunzo) ya mifupa

Jana mwanafunzi mgeni kaingia thieta, yaani chumba cha upasuaji, keshanawa hadi viwiko, maji yanamchuruzika, halafu akajikuna pua. Nesi wa thieta alifumba macho. Kwa kuwa kila kundi linarudia yale yale, haya hapa.

1. Ukishavaa gauni, mikono ikae mbele, kati ya kiuno na kifua. Kwapani si safi. Ukigusa pasipoguswa, jitaje mwenyewe.

2. Aproni ya risasi, ile nzito ya kukinga miale ya eksirei, huvaliwa kabla ya kunawa. Kabla!

3. "Kavunjika mguu" si maelezo. Mfupa gani, sehemu gani, umehama kiasi gani, ngozi imepasuka? Na eksirei ya upande mmoja usiniletee.

4. Pima neva. Hapa kaeni chini.

Nilikuwa mgeni kama nyinyi, najipendekeza kwa kila mtu kwa ajili ya barua ya mapendekezo. Usiku wa zamu akaletwa baba mmoja, humerasi (mfupa wa mkono, bega hadi kiwiko) imevunjika theluthi ya chini. Rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, akauliza, "Neva?" Nikajibu, "Ziko sawa." Nilikuwa nimemwona ameshika simu, basi. Nikaandika hivyo kwenye faili, kwa mwandiko mzuri kabisa. Tukauvuta mfupa, tukamfunga. Nusu saa baadaye napita kumjulia hali, kiganja kimening'inia. "Baba, hebu kiinue." Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Asubuhi daktari bingwa aliuliza swali moja tu: "Kabla ya kuvutwa alikuwa anakiinua?" Neva ya radiali, ile inayoinua kiganja, inapita imeukumbatia mfupa pale pale. Huenda iliumia alipoanguka, na nyingi za hivyo hurudi zenyewe. Huenda tuliibana sisi, na hapo hesabu ya kufungua au kusubiri inabadilika. Jibu lilikuwemo kwenye faili, na lilikuwa uongo wangu. Ikabidi niseme mbele ya raundi nzima: "Sikupima." Hakuna aliyenifokea. Bora wangefoka. Wakaendelea na kitanda kinachofuata. Ile barua hata sikuiomba. Mkono ulianza kurudi mwezi wa nne; niliambiwa na nesi, maana mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Na kupima ni sekunde kumi: dole gumba juu, radiali; duara la dole gumba na shahada, neva ya kati; vidole kupishana, alna. Kabla ya hogo (plasta ya kushikilia mfupa) na baada ya hogo, uandike na saa.

5. Maji ya hogo yawe ya uvuguvugu. Plasta ikishika hutoa joto lake, usimuunguze mtu.

6. Mwenye tibia (mfupa wa muundi) iliyovunjika akilia maumivu yasiyosikia dawa, na ukimnyoosha vidole vya mguu anaruka, usimwambie avumilie: huenda uvimbe ndani ya mguu unaubana msuli. Wala usijifariji kwamba mpigo wa mshipa wa damu mguuni upo. Hukawia kupotea, wakati msuli umeshakufa. Mpigie rejista hata saa tisa usiku. Atanung'unika, lakini atakuja. Wiki hii ni mimi.