Maswali yenu: mtoto kukauka sauti, moyo unaingiaje?

*Mwanangu ana miezi 3, analia sauti imekauka tangu azaliwe. Jirani anasema ni mafua, yatapita. Kweli?*

Mafua gani hayo ya miezi 3 mama? Sauti ikikauka siku chache na mafua inarudi yenyewe, lakini hii ya tangu kuzaliwa nenda hospitali, wamwangalie koo kwa kamera nyembamba inayopitia puani na moyo upigwe eko, yaani kipimo cha kuupiga picha moyo. Iko hivi, neva ya kushoto inayoendesha sauti haiendi moja kwa moja kooni, inashuka mpaka kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo ndo inapanda tena, na hapohapo jirani yake ni mshipa wa kupeleka damu mapafuni. Sasa mtoto akiwa na tundu la moyo, au ule mshipa unaotakiwa kujifunga siku za mwanzo ukabaki wazi, damu inajaa upande wa mapafu, mshipa huo wa mapafu unatanuka unaibana neva, sauti inakwaruza. Hii haitokei kwa wengi. Watoto wengi wenye tundu wanalia vizuri tu, kwa hiyo na wewe ambaye wako analia kwa nguvu usijipe uhakika.

*Nimpe dawa gani ya kikohozi?*

Hakuna. Nimeshajibu hili mara nyingi jamani, sirapu ya kikohozi si ya kichanga.

*Nimekutumia voisi akilia, sikiliza uniambie kama ni moyo.*

Hakuna anayeweza kujua hilo kwa kusikiliza simu, acheni kunitumia. Mvue nguo akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima: chini ya miezi 2 zikifika 60 ni nyingi, miezi 2 mpaka 12 ni 50. Akinyonya anatoka jasho, anaachia achia titi apumzike, uzito kwenye kadi umesimama? Mpeleke leo. Ulimi au midomo ikiwa ya bluu usisubiri kuche.

*Amefanyiwa operesheni ya kufunga ule mshipa wa moyo uliobaki wazi, sauti imepotea. Daktari amekosea?*

Si lazima, neva inapita palepale wanapofanyia kazi, hata fundi mzuri anaweza kuigusa. Wengine sauti inarudi baada ya miezi, wengine hairudi yote. Mimi ningehofia zaidi kumeza, maana akipaliwa kila akinyonya maziwa yanaweza kuwa yanaingia mapafuni, rudini kwa waliompasua muwaambie hivyohivyo, msingoje tarehe ya kliniki.