Kambi za Kijeshi Ugenini: Maswali Yenu

Marekani ina manowari za kubebea ndege. Ya nini tena kukodi kambi Djibouti? (Msomaji, Tanga)

Manowari za aina hiyo ni chache, na kila moja haina budi kurudi bandarini. Kambi haiondoki. Camp Lemonnier, iliyokuwa ya Wafaransa, ina watu wapatao 4,000, wanajeshi na raia. Iko jirani na Bab el-Mandeb, mlango wa meli ziendazo Suez. Ndege ikiruka pale, Yemen na Somalia ziko karibu. Ikitoka Marekani itajazwa mafuta angani njiani, na rubani atafika hoi. Halafu kuna mambo yasiyopigwa picha: matangi ya mafuta, karakana, vipuri, madaktari. Muda ndio unaolipiwa hapo. Mkataba wa 2014 uliweka pango la takriban dola milioni 63 kwa mwaka, nami naona Wamarekani walipata kwa bei nafuu.

Mbona Djibouti hiyohiyo imewapa Wachina?

Ardhi ni yake. Wafaransa wapo tangu kabla ya uhuru wa 1977, Wajapani walifungua kituo 2011, na mwaka 2017 China ikafungua chake, cha kwanza nje ya nchi yake, kilomita chache tu kutoka kwa Wamarekani. Mwenye nyumba mwenye wapangaji wengi hatishwi na mmoja anayetaka kuhama.

Kambi ya Marekani humlinda mwenyeji? (Msomaji, Doha)

Wewe uliye Doha umejionea. Al Udeid, hapo Qatar, ndiyo kambi kubwa kuliko zote za Marekani Mashariki ya Kati. Juni 2025 Iran iliirushia makombora kulipiza mashambulizi ya Marekani kwenye vituo vyake vya nyuklia. Yaani Qatar ililengwa kwa sababu ya kambi. Septemba Israeli, rafiki wa Marekani huyohuyo, ikapiga Doha kuwasaka viongozi wa Hamas. Korea Kusini ni habari nyingine: wanajeshi wapatao 28,500 wamewekwa pale mahususi ili Kaskazini ijue kwamba ikivamia, itapigana na Marekani pia. Basi uliza kwanza kambi imejengwa kwa kazi gani.

Mwenyeji akibadili nia?

Mgeni hufungasha. Kambi ya droni ya Agadez, Niger, iligharimu zaidi ya dola milioni 100. Watawala wa kijeshi walioshika madaraka 2023 wakawataka Wamarekani waondoke, na 2024 wakaondoka. Uturuki 2003 haikufukuza mtu: bunge lilikataa tu majeshi yapite kuingia Iraq, ingawa Wamarekani walikuwa na ndege katika kambi ya Incirlik, hukohuko Uturuki, miaka yote. Ufilipino nako, Seneti ilikataa mkataba mpya wa kambi ya majini ya Subic mwaka 1991, kura 12 kwa 11. Mwaka 2014, China ikiwa imewabana baharini, Wafilipino walisaini makubaliano mengine ya kuwapokea Wamarekani, safari hii ndani ya kambi za Wafilipino wenyewe.