Jibu: Kabla ya kujenga ukuta, chunguza mchanga wako unatoka wapi

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ujenge ukuta wa mawe mbele ya kiwanja alichokuachia marehemu mzee wako kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa kuwa bahari imekula hatua kumi na mbili ndani ya miaka sita na fundi amekuhakikishia kwamba ukuta utamaliza tatizo. Mimi naishi Dodoma, mbali na bahari, lakini nimekulia Kondoa, na habari ya ardhi kuliwa na maji naijua tangu utotoni. Nakuomba usimlipe fundi huyo kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu ukuta nami niliujenga. Kiwanja changu kinapakana na korongo ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu, lakini mvua ikinyesha vilimani hufurika kabla hujamaliza kuanua nguo. Ukingo ulipoanza kumeguka nilijenga ukuta wa mawe na saruji wa mita 20, nao ukahimili mvua tatu kubwa. Asubuhi baada ya mvua ya nne niliteremka nikaukuta umesimama bila ufa hata mmoja, ila nilipoinama na kuingiza mkono chini ya msingi, mkono ulizama hadi begani bila kugusa udongo. Maji yaliyougonga yalikuwa yamegeukia chini na kuchimba mchanga ulioubeba. Haikupita wiki mbili ukalala kifudifudi. Kilichoniuma zaidi ni shamba la mama jirani, ambalo lilikuwa halijawahi kumeguka hata mara moja: pale ukuta wangu ulipoishia maji yaliingia kwake kwa nguvu mpya, yakaondoka na safu mbili za mizabibu.

Mawimbi nayo hufanya hivyo hivyo. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko wa mchanga huchoka njiani, lakini likigonga ukuta uliosimama wima hurudi na nguvu zake, likakomba mchanga ulio miguuni pa ukuta, na pale ukuta unapoishia humgeukia jirani. Yale makingio ya mawe yanayoingia baharini hunasa mchanga unaosafirishwa na mawimbi kando ya pwani. Upande mmoja ufukwe hunenepa, upande wa pili hukonda. Sisemi kuta hazifai. Ule uliojengwa mbele ya Barabara ya Barack Obama unalinda barabara ya jiji la Dar es Salaam ambayo ni vigumu kuihamisha, na ulijengwa kwa mradi wa serikali na si kwa mfuko wa mtu mmoja.

Swali ambalo ningetamani fundi akuulize ni hili: mchanga wa ufukwe wako ulikuwa unatoka wapi, na kwa nini hauji tena? Kwetu jibu lilikuwa mita 300 chini ya kiwanja changu, ambapo malori yalikuwa yakichota mchanga wa ujenzi kila siku. Kitanda cha korongo kilikuwa kinashuka, na kingo zote za juu zinakifuata. Kunduchi, ambako si mbali na kwako, wataalamu walieleza miaka mingi iliyopita kwamba uchimbaji wa mchanga katika mito kama Tegeta na Mbezi uliinyima fukwe chakula chake. Mchanga ambao ungefika baharini uliishia kwenye matofali.

Tulipokubaliana katika mkutano wa mtaa kufunga machimbo yale, nililaza ukingo uwe mteremko, nikapanda mabingobingo na mikonge. Ulichukua misimu minne kutulia. Hiyo ni kazi ndogo ukilinganisha na ya Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi, na makorongo mengi yakatulia. Lakini wafugaji waliumia, na hilo halipaswi kusahauliwa tunaposifu matokeo.

Kwa kiwanja chako, usikimbilie mikoko kama mchangiaji mmoja alivyoshauri. Mikoko hupenda matope na maji yaliyotulia ya midomo ya mito, na katika ufukwe wazi wa mawimbi miche itang'olewa. Yaache majani yanayotambaa juu ya mchanga, na usikate miti iliyopo. Kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa, na mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa Ushongo yasizamishwe na maji. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo ukuta bila kibali unaweza kubomolewa hata kabla bahari haijaufikia.

Simika vigingi viwili nyuma ya ukingo, pima umbali hadi ukingoni kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa msimu mmoja wa upepo wa kusi na mmoja wa kaskazi, na waulize wavuvi wazee ufukwe ulikuwa wapi kabla ya malori kuingia mitoni. Vipimo hivyo ukiviweka hapa, nitavisoma, na majirani zako wa pande zote mbili wavione pia kabla jiwe la kwanza halijawekwa.