Wenye PPL mbichi (leseni ya rubani binafsi), someni NOTAM, yale matangazo kwa marubani, mpaka mwisho

Wiki iliyopita nimemkuta kijana mmoja, leseni hata wino haujakauka, ameinamia tableti yake anapanga safari ya Malindi. "Mwalimu, NOTAM nimeangalia, hakuna kitu." Ameangalia wapi? HKNW na HKML, yaani viwanja vya Wilson na Malindi. Basi. Nikamwambia afungue HKNA, yaani anga lote la Nairobi, zikaanza kushuka moja baada ya nyingine mpaka akaacha kutabasamu. Wala si yeye wa kwanza. Na nyinyi mnaosoma haya mkimcheka, nimewaona pia.

1. Someni FIR, lile eneo kubwa la anga linalotolewa taarifa za safari. Anga likifungwa kwa muda, iwe ni kwa ajili ya mkuu wa nchi, maonyesho ya ndege au mazoezi ya jeshi, mara nyingi NOTAM yake inatoka chini ya FIR, si chini ya kiwanja unachotoka wala unachokwenda. Kwetu ni HKNA. Ukivuka kwenda Kilimanjaro, ongeza HTDC, Entebbe, HUEC. Hili sitalirudia.

2. Mstari wa Q, ule wa misimbo mwanzoni mwa NOTAM, si mapambo. Ukiona QRTCA, ujue kuna eneo la muda lenye vizuizi na limeshaanza kazi. Zile tarakimu za mwisho ni kitovu na nusukipenyo kwa maili za baharini, lakini duara hilo ni la kuchujia tu, mpaka wenyewe umeandikwa kwenye E, sehemu ya maelezo. Rafiki yangu mmoja aliwahi kulichora duara la Q kwenye chati, akalizunguka lote kwa mbali, akachoma mafuta ya watu na kutua akisonya, kumbe E ilitaja kipande kidogo tu cha upande wa kaskazini. Afadhali yeye kuliko wanaokosea kwa upande wa pili.

3. F na G, yaani sakafu na dari ya anga lililofungwa. Dari la 2000FT AGL, yaani juu ya ardhi, si 2,000 kwenye altimita! Wilson penyewe pako futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo dari hilo hapo liko kama 7,500, na ukielekea Ngong ardhi inapanda na dari linapanda nayo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia tutalipita kwa juu, kwa futi 6,500. Nikamuuliza, juu ya nini?

4. Saa. Hapa ndipo penye kidonda changu, mnivumilie.

NOTAM inaandikwa kwa Zulu, yaani saa za dunia (UTC), na sisi tunajumlisha tatu: 0600 ya Zulu ni 0900 ya hapa. Sasa, 0900 ya hapa ndiyo saa tatu asubuhi. Kwa hiyo ukitoa tatu kwenye Zulu unaipata saa ya Kiswahili moja kwa moja, 0600 inakuwa saa tatu, 0900 inakuwa saa sita. Hesabu haina kosa. Niliigundua mwenyewe na nikawa najivunia nayo kwa kila mtu.

Ilikuwa sikukuu ya kitaifa, sherehe zimepelekwa kaunti, na anga la mji ule limefungwa toka 0600 mpaka 0900. NOTAM nimeisoma jioni nikiwa mezani nyumbani, tunapiga soga, na kwenye karatasi ninayofunga pajani nikaandika kwa penseli "3–6". Saa tatu mpaka saa sita. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Asubuhi niko Nanyuki na shemeji yangu, ambaye ahadi ya kumrusha ilikuwa imeshageuka deni. Hedseti ziko masikioni, kichwa kimeshahamia kwenye Kiingereza cha redioni, natupa jicho pajani: 3–6. Nikaiona alasiri. Yaani 1500 mpaka 1800. Ilikuwa inakaribia saa tano, nikamwambia kwa kujiamini kwamba tutapita na kurudi kabla hawajaanza.

Kitu ambacho kingenizindua ni redio. Ilikuwa kimya mno kwa siku ya mapumziko, wala sikujiuliza wenzangu wamekwenda wapi. Halafu mwongozaji wa ndege akaniita kwa herufi zote za usajili na kuniuliza nilipo, kwa ule upole wao ambao rubani yeyote akiusikia tumbo linamkata. Nikajibu. Kimya kidogo. Kisha: geuka kushoto sasa hivi, shika uelekeo huu, na je, umesoma NOTAM? Nikasema nimesoma. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, maana nilikuwa nimesoma kweli. Katika kugeuka nikaona, chini mbele yetu, helikopta za jeshi zimejipanga, ya kwanza inaburuta bendera. Shemeji akapiga kelele ya furaha: "Shem, kumbe umenileta kwenye sherehe!"

Kwenye maelezo ya maandishi nilianza kusingizia saa ya ndege. Nikaichana ile karatasi, kwa sababu shemeji alikuwa amerekodi kila kitu, saa inaonekana, na ameshaitupa video kwenye grupu ya familia. Leseni ikapumzika kabatini. Niliporudi, aliyenipima upya alikuwa kijana niliyemfundisha mimi, na swali lake la kwanza lilikuwa kugeuza Zulu.

Saa andikeni kwa tarakimu nne, na herufi Z (Zulu) au L (saa za hapa) mwishoni. Hiyo tu.

5. C, yaani muda wa mwisho, ikiwa na EST (makadirio), NOTAM haijifuti yenyewe muda ukifika. Subiri NOTAMR (ya kuibadilisha) au NOTAMC (ya kuifuta), au uliza redioni kabla ya kuingia. Wakubwa hawaondoki kwa ratiba.

6. Rangi nyekundu ya anga lililofungwa kwenye tableti ni ya wakati ulipoipakua. Pitia AIS, ofisi ya taarifa za anga, au piga simu asubuhi ya safari.

7. Ukiona ndege ya jeshi ubavuni inatikisa mabawa, tikisa yako na uifuate, nenda 121.5, masafa ya dharura, weka msimbo wa dharura 7700 kwenye transponda (kifaa kinachokutambulisha kwenye rada) kama hujaambiwa vingine. Asipige mtu video.

8. Mnaokwenda Florida kukusanya masaa: rais wao akiwa Mar-a-Lago, kunafungwa duara la maili 30, na la ndani la maili 10 msilisogelee kabisa. Kwenye la nje unahitaji mpango wa safari, msimbo wako wa transponda na mwongozaji anayekujibu, na ndege za mafunzo hazina nafasi. Viwanja vikubwa vya michezo navyo vina maili 3 na futi 3,000, toka saa moja kabla ya mechi mpaka saa moja baada yake. Na kule kwenye Zulu mnatoa nne majira ya joto, tano majira ya baridi, kwa hiyo ujanja wangu wa kutoa tatu uacheni hapa hapa Wilson.